Kofia ya Otoniel

Kila Oktoba, siku ya marubani ilipofika, Zulmira aliwafundisha watoto wa darasa la kwanza habari za Santos-Dumont, rubani wa kwanza wa Brazili. Na kila mwaka mumewe, Otoniel, alikuja kumsaidia, kavaa kofia pana iliyobonyea kama ya rubani yule wa zamani. Mwaka huu Otoniel hayupo, walimzika Juni. Kofia Zulmira alikuja nayo, ikakaa ndani ya mfuko chini ya meza. Hakujua kama atathubutu kuitoa, wala kama atalimaliza somo bila kuangua kilio mbele ya watoto.

"Shangazi," aliuliza Rayane, maana ndivyo walivyozoea kumwita mwalimu wao, "yule babu wa kofia anakuja saa ngapi? Kaka yangu kaniambia."

"Haji, mwanangu. Alifariki."

Zulmira akawahi kuanzisha mchezo, ule ule aliocheza Santos-Dumont utotoni: kitajwacho kikiwa kinaruka, nyanyua kidole; ukikosea, unawika kama jogoo.

"Njiwa huruka?"

Vidole juu.

"Kuku huruka?"

Cauê akanyanyua peke yake.

"Wika! Wika!"

"Kuku wa bibi anaruka mpaka juu ya paa! Nyie mmezoea kuku wa dukani!" Lakini akawika, tena kwa mbwembwe.

"Mtu huruka?"

Hapo ndipo Otoniel alipokuwa akichomoza mlangoni kila mwaka, kidole juu. Zulmira akautazama mlango. Jua tu, na uwanja mtupu. Hakuna mtoto aliyenyanyua. Kisha akaona kidole chake mwenyewe kiko juu.

"Shangazi kakosea! Wika!"

"Siwiki." Sauti ilimtetemeka, lakini haikukatika. "Hata Santos-Dumont, alipokuwa mtoto, alinyanyua kidole hapo hapo, akakataa kuwika. Wenzake wakamcheka. Alipokua akaenda Paris, akaunda ndege, akaruka nayo watu wakimtazama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akainama, akaitoa kofia, akaivaa. Ikamzama mpaka masikioni. Watoto wakacheka mpaka wakalaliana, naye akacheka nao, machozi yakimtoka asiyafute.

"Na sisi tuvae!" akadai Cauê.

Wakamwagika uwanjani. Kofia ikapita kichwa hadi kichwa, kila mmoja akiteremka mteremko mbio, mikono wazi.

"Mtu huruka?" Zulmira aliwapigia kelele kutoka mlangoni, pale pale aliposimama mumewe.

"Hurukaaa!"