Sauti ya Dubwana

Fundi wa sauti, ambaye kazini wote walimwita Masikio, alikuwa amechoka hadi kope. Tamthilia yao ya safari za anga za mbali ilikuwa imebakiza sehemu ya mwisho, ile ambayo dubwana la sayari ya maji linauawa, na mwongozaji alikuwa ameshapiga simu mara chungu nzima kuulizia. Utadhani simu ndizo zinazofanya kazi!

Dubwana lenyewe lilikuwa mpira na rangi tu. Kilichotisha ni sauti, na sauti aliitengeneza yeye. Alikwaruza masufuria, akaburuta viti, akakoroma mwenyewe kwenye maikrofoni mpaka koo likamkauka, wapi! Mwisho akachukua sauti aliyopewa na dada yake, mtafiti wa viumbe wa baharini: mtoto wa nguva aliyenaswa kwenye wavu, akimwita mama yake. Akaipunguza mwendo kidogo, akaitia mwangwi. Mwongozaji aliruka kwenye kiti. Tangu hapo watazamaji walilichukia dubwana kwa moyo mmoja.

Adhuhuri hiyo dada aliingia studio bila kubisha hodi, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake vya matope.

"Natoka shule moja ya watoto wa wavuvi," alisema. "Nimewaambia nguva wamebaki wa kuhesabu, nyavu zinawamaliza, kwa hiyo baba zao wakimnasa mmoja wamfungulie. Wakanielewa vizuri, mdogo wangu. Nikawawekea ile sauti ya mtoto wa nguva ili wampende. Unajua walifanya nini?"

Masikio alijua kabla hajaambiwa.

"Walipanda juu ya madawati. 'Dubwana! Liueni!' Na mwalimu wao anacheka."

"Dada, sikuwaza..."

"Najua hukuwaza. Badilisha basi."

Masikio alimpigia mwongozaji hapohapo. Mwongozaji akakataa katakata: watu wameshaizoea sauti ile, ikibadilika watasema wamepigwa changa la macho. Dada aliyasikia yote. Alifumba macho tu, na punde akapitiwa na usingizi.

Ulibaki upenyo mmoja. Kwenye kifo cha dubwana, Masikio aliondoa mwangwi, akairudishia sauti mwendo wake wa asili, akanyamazisha muziki. Dubwana likaanguka huku mtoto wa nguva akiita, akinyamaza kidogo kama anayesubiri kuitikiwa, akiita tena. Mwongozaji alipokuja alisikiliza, akajifuta macho kwa kiganja, akasema isiguswe tena. Masikio aliona fahari, ya kwanza tangu kazi hii ianze. Akamwamsha dada yake amwonyeshe.

Dada alitazama mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Hapo watalia," alisema.

"Umeona eh?"

"Nimeona. Watalia weee, kisha watampigia makofi aliyemuua."

Masikio alimtazama dada yake akifunga kamba za viatu taratibu, mgongo umempinda kwa uchovu, akaona haya.

"Kesho unakwenda wapi?" aliuliza.

"Shule nyingine."

"Utawawekea sauti?"

"Nitawaonyesha picha tu," dada alisema, akabeba begi lake. "Sauti baki nayo wewe."