Medali ya Bibi Benedikta

"Huyo ni mtakatifu, hauzwi," Bibi Benedikta alisema, na sauti yake ilishafika barabarani.

"Bibi, ni hela. Ina mwaka. Mtakatifu gani anaandikwa mwaka?"

"Nimesali naye miaka arobaini. Padri amembariki kwa maji. Hilo darasa la nane lako lina miezi mingapi?"

Walikuwa wametoka Kipalapala kwa miguu, bibi na mjukuu wake Hilari, wanagombana njia nzima, na sasa wanamalizia ugomvi dukani kwa Bi Amne, mtaa wa Kanyenye. Bi Amne anauza ubani na udi, na vitu vya fedha vya zamani anavijua kuliko mtu yeyote mjini. Hilari ndiye aliyemchagua awaamue. Wasiwasi hakuwa nao hata kidogo. Ile medali nene inayoning'inia kwenye rozari ya bibi imeandikwa 1780, na sasa ni 1936. Alishapiga hesabu: kitu cha miaka mia na hamsini na sita hakikosi shilingi mia. Hapo ana nauli ya treni mpaka Dar es Salaam, ana suruali, na inabaki. Barua ya kazi ya ukarani iko mfukoni, wanamtaka kabla mwezi haujaisha.

"Leteni nione," Bi Amne alisema. "Na mpunguze kelele, watu watadhani nauza pombe."

Upande mmoja kuna mama mnene, kajitanda shela kama sista. Bi Amne akageuza. Upande wa pili kuna ndege.

"Na huyu?" Hilari aliuliza. "Naye mtakatifu?"

"Roho Mtakatifu," bibi alijibu.

"Ana vichwa viwili, bibi."

"Wewe una kimoja na hakikusaidii."

Bi Amne hakucheka. Aliiweka kwenye mizani yake ndogo ya udi, upande wa pili akaweka jiwe la wakia. Pande zote mbili zikatulia sawa. Halafu akapitisha ukucha kwenye pini ya begani kwa yule mama, anahesabu vitone polepole. "Saba, nane, tisa. Lulu tisa. Zikipungua, wazee wetu walikuwa wanaikataa." Akaiweka mezani. "Ni riale, Bi Benedikta. Huyu ni malkia wa Ulaya huko, mjane, ndiyo maana kajifunika. Arabuni mpaka leo wanaitumia."

"Si nilisema," Hilari alisema. "Haya, shilingi mia na ngapi?"

"Shilingi mbili tu. Imetobolewa, lakini kwa ajili ya bibi yako, mbili na nusu."

"Bi Amne, soma mwaka."

"Hata iliyotoka kiwandani mwaka jana imeandikwa hivyo hivyo. Wakibadilisha, watu hawaipokei. Thamani yake ni fedha iliyomo, basi."

Hilari akakaa kwenye gunia la ubani. Bibi alikuwa anawaza jingine.

"Masele alijua?" akauliza. Masele ni marehemu mume wake, aliyekuwa akibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo.

"Mpagazi asijue riale? Siku zile riale tano ni mwezi mzima mzigo uko begani."

"Nilikuwa nimebatizwa juzi tu," bibi alisema. "Akafungua kitambaa, nikamwona yule mama na shela lake, nikapiga magoti hapo hapo. Akanyamaza. Akaitoboa mwenyewe." Kicheko kikamshika mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Mwanamume yule."

"Basi si dhambi tena kuiuza," Hilari alisema. "Mbili na nusu ni mwanzo."

"Sikiliza. Jana usiku niliamua, angekuwa mtakatifu ningekuvika shingoni uende naye Dar es Salaam. Sasa umeshinda, ni hela. Ni hela ya mume wangu, jasho lake. Haiendi popote." Akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Hilari alimtazama bibi yake, akatazama lile fundo, akaanza kucheka na yeye.

"Stesheni wanataka watu wa kupakia karanga," alisema, anasimama. "Wiki tatu, nauli ninayo. Mwezi ndiyo kwanza una siku nne."

"Mgongo unao?" Bi Amne aliuliza.

"Si mjukuu wa Masele?"

"Nenda sasa hivi," bibi alisema, "kabla hawajajaa."

Hilari akawaaga wote wawili, akatoka mbio kuelekea stesheni.