Taa ya Mstari wa Nyuma

Hiyo picha unayo. Usijifanye hujui ninasema ipi. Iko kwenye bahasha ya kaki, au chini ya godoro, au imetundikwa sebuleni mahali ambapo macho yako yamezoea kuruka. Watu wamejipanga mistari mitatu mbele ya jengo la kazi. Wa mbele wamekaa kwenye viti, unaweza kuwahesabu hata kope. Wa nyuma wana kola nyeupe, na juu ya kola pana doa. Umelipita doa hilo miaka nenda miaka rudi na hukuuliza ni nani.

Doa la kwangu ni mama.

Mama alishona sare kiwandani miaka ishirini na miwili. Kila mwisho wa mwaka mpiga picha wa kiwanda alikuja, akamsogelea meneja, akapima mwanga kwenye shati jeupe la meneja, akarudi nyuma akabonyeza. Shati lilitoka safi kabisa. Wanawake wa nyuma, weusi kwa kuzaliwa na kwa kivuli cha paa, walizama gizani. Nilikuwa na miaka tisa nilipomwona kwa macho yangu akilipima lile shati. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau. Nimehifadhi picha kumi na nne za kiwanda kile, na katika zote mama yangu ni kola.

Ndiyo maana nilijifunza kupiga picha. Hakuna aliyenifundisha. Niliomba kamera mbovu, nikaharibu filamu, nikasoma karatasi za maelekezo ambazo wenye pesa walizitupa pamoja na maboksi. Sasa nina chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, hatua nne kwa tatu, napiga picha za vitambulisho. Kwa miaka sita nilimwambia mama maneno yaleyale: "Ngoja ninunue flashi ya studio, mama. Nikiinunua tu, wewe ndiye wa kwanza." Mama alicheka. Kila asubuhi alikuja na kikapu chake, akaketi dirishani kwangu kuwashonea watu vifungo, akangoja. Mwaka juzi homa ya siku tano ilimchukua, na hiyo taa ya flashi bado ilikuwa dukani.

Aliyebaki na sura yake ni dada yake. Mama mkubwa naye alishona kiwanda kilekile, akasimama mstari uleule. Paji ni lile, nyusi ni zile zinazotaka kukutana, kidevu ni kile. Mwaka huu ameota uvimbe kwenye taya la kushoto. Daktari alimweleza taratibu: Ijumaa watatoa nusu ya taya. Atapona, ila uso hautakuwa huu tena. Alinipa habari hizo Jumatatu. Jumanne nilimshika mkono tukaenda dukani. Nilitaka niupate uso wa mama kabla haujakatwa. Nilimficha hilo, nikamwambia nataka kumpiga picha nzuri.

Muuza taa, sisi wapiga picha tulimpa jina la Bwana Wati, kwa sababu hana hoja nyingine ila wati, nguvu ya taa.

"Karibu, fundi," alisema. "Leo unanunua, au umekuja kupapasa kama siku zote?"

"Nanunua."

"Basi ngoja nikae kwanza." Akamwona mama mkubwa. "Shikamoo, mama. Na wewe umekuja kuchagua taa?"

"Marahaba. Mimi nimekuja kumulikwa. Huyu anasema taa haipimwi kwenye boksi, inapimwa shavuni. Sasa mimi ndiye shavu. Nipe kiti."

Bwana Wati alitoa kwanza taa kubwa kama ndoo. "Hii ni wati mia sita. Ukiiwasha hii hata marehemu anafumbua macho."

Hakuna aliyecheka. Alijikohoza, akaichomeka. Niliishusha hadi kiwango cha chini kabisa, nikampiga picha mama mkubwa kwa umbali ambao chumba changu kinaruhusu. Paji likang'aa kama sufuria, na macho yake yakabaki mashimo.

"Ni kali," nilisema.

"Kali ndiyo nzuri. Wateja wako ni weusi, fundi. Mtu mweusi anataka wati nyingi."

Hapo ndipo nilipotamani kupindua meza. Huo ndio uongo uliomzamisha mama. Ngozi nyeusi haina haja ya kupigwa kofi la mwanga. Inataka taa iliyotulia, iliyopita kwenye mwavuli mpana wa kulainisha mwanga, isogezwe karibu na ikae pembeni, halafu mwenye kamera apime kwenye shavu la anayepigwa, aachane na shati la bosi. Kwa chumba cha hatua nne, taa ya kutosha ni ile inayokubali kushushwa. Nilimwambia yote hayo, na sikumwambia kwa sauti ndogo.

"Umemaliza?" aliuliza Bwana Wati.

"Hajamaliza," alisema mama mkubwa. "Huyu akianza ni mpaka jioni. Mletee nyingine haraka."

Ya pili ilikuwa ile ndogo ya kupachika juu ya kamera. Bei yake tamu, lakini haina pa kuchomeka mwavuli, na ikishawaka mara moja unaweza kupiga miayo miwili kabla haijawa tayari tena. Ya tatu aliitoa chini ya kaunta kwa aibu, kama mtu anayetoa soksi iliyotoboka. Imetumika, ubavu umekwaruzika, jina la kampuni limefutika. Wati mia mbili. Tundu la mwavuli lipo. Taa yake ndogo ya kuongozea inawaka, ile inayokuonyesha kivuli kitaangukia wapi kabla hujapiga.

"Iwashe mara ishirini," nilisema.

"Mara ishirini? Unanunua taa au unaoa?"

Tuliiwasha mara ishirini, mimi nikipiga kila mara. Taa mbovu hujifichua hapo: moja inatoka na nguvu, inayofuata imefifia, nyingine imegeuka njano. Hii ilitoa mwanga uleule mara zote. Na kwenye kioo cha kamera, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliona ngozi ya ukoo wetu ilivyo: kahawia nzito, nyekundu kidogo kwenye mashavu, na karibu bluu chini ya macho. Mama mkubwa alimaliza kazi ya bei mwenyewe, akaondoka na taa, stendi, na mwavuli ambao Bwana Wati alidai hauuzwi.

Jumatano asubuhi alikuja chumbani kwangu. Nilikuwa nimeipiga pasi blauzi ya kiwanda, ile ya mama, yenye kola nyeupe. Aliitazama, akanitazama, akaivaa juu ya gauni lake. Nilimweka kwenye kiti. Geuka kidogo kushoto, uvimbe usionekane. Inua kidevu. Funga mdomo. Mikono mapajani. Hapana, mkono wa kushoto uwe juu. Nilipiga, nikasogeza mwavuli, nikapiga tena. Katika picha ya thelathini na kitu nilimwona. Alikuwa mama. Nilikaa sakafuni na kamera yangu.

"Nione," alisema mama mkubwa.

Nilimpa. Aliisogeza kamera karibu na macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi tangu lini nikafunga mdomo?" Alikuwa anaongea polepole, taya likimuuma. "Nimesimama mstari wa nyuma miaka kumi na tisa, mwanangu. Leo umeninunulia taa, umenibeba, umenipa kiti, halafu umeniweka nyuma ya mdogo wangu."

Mimi, niliyebeba shati la meneja kichwani miaka yote hii, nilikuwa nimefanya kosa lilelile.

"Na yeye," aliendelea, "alikaa hapo dirishani miaka sita. Jua la asubuhi linamwagika usoni, na ukuta mweupe upo ng'ambo unalirudisha. Ulikuwa na kamera?"

"Nilikuwa nayo."

"Mkononi?"

"Mkononi, mama mkubwa."

Hakunikemea. Ingekuwa nafuu kama angenikemea. Alivua ile blauzi, akaikunja vizuri akaiweka kikapuni, akarudi kwenye kiti na gauni lake la maua. Alikaa kihasarahasara kama anavyokaa siku zote, akaigeuzia kamera taya lake la kushoto, uvimbe na yote, akafungua mdomo wenye pengo akaanza kunisimulia jinsi Bwana Wati alivyokodoa macho mwavuli wake ulipochukuliwa. Nilipima mwanga shavuni kwake. Nilimpiga yeye.

Ijumaa walikata. Jumapili, kabla hajaweza kusema, aliandika kwenye karatasi: ILETE. Niliipeleka picha yake, kubwa, ndani ya fremu. Ameisimamisha kwenye kabati la kando ya kitanda ikitazama mlangoni, ili kila anayeingia aanze na hiyo.

Nami ninayo taa. Ikifika asubuhi, kabla sijaiwasha, jua linaingia dirishani na kukaa kwenye kiti kitupu, kwa utulivu ambao mwavuli wangu hauwezi kuuiga. Naweza kukupimia mwanga wa pale sasa hivi. Nimeupima mara nyingi.

Kwa hiyo acha kusoma. Simama. Kwako yupo mmoja wa mstari wa nyuma, bado anapumua: mama, shangazi, baba mdogo, aliyekusomesha. Usinunue kitu chochote kwanza. Mwite jina, msogezee kiti dirishani, pima kwenye shavu lake, umpige anavyokaa mwenyewe. Kisha andika jina lake nyuma ya picha. Nenda, jua bado lipo.