Maji Yaliyochemshwa

Faouzi angefukuzwa maabara siku hiyo kama rangi ya buluu majini isingepauka, na Wassila, mwanafunzi mwenzake, ndiye aliyepewa kazi ya kuipausha. Wala hakuwa akimpenda Faouzi. Kijana alikuwa mchafu wa meza, mwingi wa mzaha, na juu ya hayo ripoti zake zilidai kwamba maji machafu ya kiwanda cha nguo yakipigwa mawimbi ya sauti, yale makali yasiyosikika kwa sikio, hupoteza rangi upesi. Profesa Ghezala, mkuu wa maabara yao mjini Annaba, alishuku kuwa takwimu zimepikwa.

"Rudia jaribio lake wewe, binti yangu," alimwambia Wassila. "Wewe huna papara."

Wassila hakuwa na papara kweli. Aliosha vyombo hadi vikalia kwa usafi. Maji aliyachemsha siku iliyotangulia, akayaziba yangali moto yasije yakaingia vumbi. Yalipopoa akatia rangi, akawasha mashine ya mawimbi mbele ya Profesa na Faouzi.

Wakangoja. Buluu ikabaki buluu.

"Haya, bwana mdogo," Profesa alisema. "Rangi inakucheka."

"Profesa, wallahi ilipauka. Mimi ni mchafu, sawa, lakini si mwongo."

"Mchafu na mwongo hulala kitanda kimoja. Kusanya vitu vyako."

Wassila aliinama juu ya mashine ili asimtazame Faouzi, na hapo ndipo aliposikia. Mashine ilikuwa ikiguna taratibu. Akiiendesha Faouzi huchachatika kama samaki kwenye kikaango, mpaka yeye Wassila humfokea afunge mlango. Mchachato ule ni wa viputo vidogo mno vinavyovimba na kubomoka ghafla, na katika kubomoka vinazaa joto la kuyapasua maji yenyewe. Vipande vya maji hayo ndivyo vinavyoitafuna rangi. Lakini kiputo hakianzi hivi hivi tu. Kinataka punje ya hewa iliyomo majini, na hewa yenyewe aliifukuza kwa kuchemsha.

Alijua, na akanyamaza. Faouzi akiondoka, mashine itakuwa yake peke yake na masomo yake yatamalizika mwaka huu. Faouzi alikuwa ameshavua koti jeupe na analikunja, vibaya kama kawaida yake. Wassila akaona aibu.

"Profesa, kosa ni langu," alisema. "Maji niliyachemsha. Hayana hewa, viputo havikuzaliwa."

Profesa akaonyesha chombo cha maji. "Basi yarudishie."

Wassila akatumbukiza mpira wa pampu ya tangi la samaki, akayapulizia hewa, kisha akawasha tena. Mashine ikachachatika. Buluu ikafifia, ikawa ya anga, mwisho maji yakabaki maji.

"Nimekukosea, mwanangu," Profesa alimwambia Faouzi. "Nisamehe." Akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

Faouzi alivaa koti lake polepole.

"Ulisita, dada," alisema. "Nilikuwa nakuangalia usoni."

Wassila angeweza kusema alikuwa akifikiri. "Nilisita," alijibu. "Nilitaka uondoke."

Faouzi alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza.