Namba Thelathini na Moja

Asubuhi ya Jumatatu fundi wa kompyuta wa zahanati aliweka kikomo. Kila programu isiyotajiwa kiasi chake ingepewa kumbukumbu ya megabaiti mia mbili hamsini na sita. Ikivuka hapo, seva iizime na kuiwasha upya. Hakupima kwanza. Wiki iliyopita programu moja ilimeza kumbukumbu yote, zahanati nzima ikasimama, naye hakutaka kuitwa tena na daktari mkuu.

"Zitatosha kweli?" muuguzi wa mapokezi aliuliza.

"Zitatosha, labda programu iwe na ulafi."

Saa nne, ukumbi umefurika, spika ya kuita wagonjwa ikaita, "Namba thelathini na—" ikakatika.

Sauti ile ilikuwa ya mama yake mdogo fundi. Alikaa mapokezi miaka kumi na tisa, na alipokaribia kustaafu walimrekodi akisoma namba na vyumba, basi. Alifariki mwaka jana. Wengine walishaizoea, fundi alikuwa akiupita ule ukumbi mbiombio.

Programu ya foleni, iliyokuwa imevuka kikomo, ikawaka upya. "Namba moja, chumba cha tatu."

"Leo mama wa watu kachanganyikiwa!" mmoja akasema, watu wakacheka.

Kumbe foleni ilikaa ndani ya kumbukumbu ya programu, haikuandikwa pengine popote. Ilipozimwa, orodha ikaenda nayo. Muuguzi akaanza kuuliza mmoja mmoja na kuingiza upya. Baada ya dakika kumi ikazimwa tena. Kisha tena. Fundi alikuwa mbele ya skrini ya mapokezi, jasho linamtoka, anahangaika kukiondoa kile kikomo.

Mara ya nne haikuita namba. Ukumbi mzima ulisikia mtu akivuta pumzi.

"Yule wa nyuma ya mlango," ilisema taratibu. "Mmemsahau."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alikwenda, akauvuta mlango uliokuwa wazi. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa ameegemea ukuta, kalowa jasho, kashika tiketi ya thelathini na moja. Muuguzi akampima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Walimbeba hadi chumba cha kwanza, na kufikia adhuhuri alikuwa amekaa kitandani akiuliza viatu vyake viko wapi.

Mchana ule fundi alifungua faili za sauti, akazisikiliza zote, moja baada ya nyingine. Namba. Vyumba. Hakuna pumzi, hakuna mlango.

Ndipo akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alipima kila programu wiki nzima, akaangalia inafika wapi siku ya msongamano, akaiachia nafasi ya kupumua, akaweka onyo litangulie kabla ya kuzima. Ya foleni ilihitaji mia tano. Akaipa mia saba, na orodha ikawa inaandikwa kwenye diski.

Jioni moja alimsimulia mama yake, aliyekuwa akikunja nguo. Alitegemea aambiwe kazi imemchosha.

"Mdogo wangu alisikika amechoka?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Alisikika kama yuko kazini."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alimaliza shuka lililokuwa mkononi, akasimama, akafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo.