Fumba Macho, Bibi

Mjukuu wangu alikuwa na pepo wa kazi. Mwenzake anaamka anakwenda dukani, mwingine anakaa kwenye cherehani, yeye anaamka, anakunywa chai, anakwenda kupagawa, jioni anarudi na mkate.

Filamu zote za kanisa letu zilikuwa na mwendo mmoja. Mwanamke mbaya anaingia kwenye nyumba ya watu wema, anavuruga, anacheka bila sababu, anawatazama watoto vibaya. Mwisho mchungaji wa kwenye filamu anamwekea mkono kichwani, anapiga ukelele "Toka!", naye anaanguka chini na kutoa povu. Huyo mwanamke mbaya ndiye mjukuu wangu. Povu ni dawa ya meno na maji kidogo, mimi mwenyewe nimewahi kumkorogea. Na kuanguka nako kuna ufundi: goti kwanza, nyonga, bega, halafu kichwa kinafika mwisho, taratibu, kama mgeni rasmi.

Alianza akiwa msichana mdogo, kwenye maigizo ya sikukuu pale kanisani. Malaika walikuwa wamejaa, nafasi ya pepo ikabaki wazi, na yeye alikuwa na sauti. Ndiyo ikawa basi. Jina alilobatizwa likabaki kwenye cheti. Mtaani wakamwita Toka.

Watu walimpenda kwenye filamu na kumkimbia barabarani. Muuza nyanya alimwekea chenji juu ya meza asije akamgusa kidole. Kanisani akikaa, benchi zima linapata nafasi. Mchumba mmoja alikuja nyumbani na mama yake. Yule mama akaomba kuonyeshwa choo, na hajarudi mpaka leo.

Mimi kilichokuwa kinaniwasha ni kitu kingine. Tangu utoto wangu sijafumba macho yote mawili kwenye maombi. Wenzangu wanaomba, mimi jicho langu linatembea. Najua nani anarekebisha wigi, nani amelala, na mzee gani wa kanisa anatafuna. Uso wa mtu anayeomba kweli naujua, na uso wa mtu anayesubiri amina naujua. Wa Toka tu ndio sikuujua, kwa sababu akiomba hujifunika uso kwa viganja. Nikawa najiuliza: huyu mtoto anaamini, au ni kazi tu? Na mtu akiomba kwenye filamu, maombi yale yanafika, au yanaishia kwenye kamera?

Nilimuuliza mchungaji wetu. Akasema hilo ni swali zuri sana, akaangalia saa. Nikamuuliza mpiga kamera. Akasema inategemea na maiki. Nikaona nimuulize mwenyewe.

"We mke mwenzangu, ukianguka pale chini, unasikia nini?"

"Nasikia sakafu, Bibi."

Basi nikakaa na swali langu.

Siku moja akaja na habari. Kanisa linatengeneza filamu ya mjane anayemwombea mtoto wake mgonjwa. Hakuna pepo hata mmoja. Yeye anautaka ujane ule.

"Nimechoka kuanguka, Bibi. Nataka filamu moja niimalize na akili zangu."

"Na kamati inasemaje?"

"Kamati inamtaka mwimbishaji wa kwaya. Wanasema ana sura ya wokovu. Watu wakiniona mimi napiga magoti, watasubiri povu."

Dairekta, kijana aliyetoka kwenye kupiga picha za harusi, ndiye aliyemtetea. Akaiambia kamati: tujaribu sini moja, ile ya mjane kuomba akiwa katikati ya akina mama wa maombi. Ikikubali, filamu ni yake. Isipokubali, Toka arudi kwenye pepo lake na asiombe tena nafasi nyingine. Kamati ikakubali.

Nikamsindikiza. Mtu asiniulize kwa nini. Uso wake ungekuwa wazi mbele ya kamera, na mimi nina jicho.

Sini ilikuwa kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Walikuwa wameziba madirisha kwa mashuka, wakaacha moja la kuingiza mwanga. Viti vya plastiki vilipangwa nusu duara, katikati kuna mkeka. Mtoto mgonjwa alikuwa mto ulioviringishwa blanketi, kalazwa kushoto kwa Toka. Akina mama walikuwa wa maombi kweli, si waigizaji. Dairekta alisema nyuso kama zile huwezi kuzipaka. Mmoja wao hakufika, nikaambiwa, "Bibi, jaza kiti," kile cha kulia kwake, karibu kabisa na mkeka. Nikajaza. Huko nyuma mwimbishaji alikuwa ameshavaa gauni jeusi la mjane, anajipepea kwa karatasi za maneno.

Toka akapiga magoti, akaanza. Hata hajafika mbali:

"Kata!" Dairekta akainua kichwa kutoka kwenye kioo cha kamera. "Akina mama, mbona macho?"

"Tumefumba," akasema Mama Shemasi, kiongozi wao.

"Mama, hapa naona mboni."

"Basi tumefumba kiasi."

Wakarudia. Macho. Wakarudia tena, macho yameongezeka. Mimi niliwaelewa. Hawa ndio waliomshikilia Toka kwenye filamu iliyopita, akaunguruma masikioni mwao. Siku ile dairekta alisema kata, wao wakaendelea kukemea, mpaka Toka akaanza kuwasihi kwa sauti yake ya kawaida, nao wakasema pepo limekuwa janja. Sasa nani afumbe macho hatua mbili kutoka kwa kitu kile?

"Tunywe chai," akasema dairekta, kinyonge. Mwimbishaji akasimama, akanyoosha gauni.

Toka alikaa kidogo akiangalia mto. Halafu akaenda kwenye birika, akajimiminia, akamgeukia Mama Shemasi, na kwa ile sauti ya pepo, nzito kama kabati linalovutwa kwenye saruji, akauliza:

"Sukari iko wapi?"

Kiti kilianguka. Chai ilimwagika. Mama mmoja alikwishafika mlangoni na pochi yake.

"Samahani, mama zangu," Toka akasema kwa sauti yake. "Inatoka hapa tu." Akajigusa chini ya kifua. "Mama Shemasi, njoo uweke mkono."

"Niweke mkono wapi? Nina wajukuu mimi!"

"Weka tu."

Akaweka kidole. Toka akaunguruma kidogo. Mama Shemasi akatoa kidole, akakiangalia, akakirudisha.

"Kumbe ni pumzi!"

"Ni pumzi. Unaibana, halafu unaikwaruza. Jaribu."

Akajaribu, akatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Wenzake wakacheka. "Acha nikuonyeshe," akasema mwingine, na huyo kumbe alikuwa na kipaji kilichofichwa na ndoa. Muda si muda akina mama wote wa maombi, na vitambaa vyao vyeupe kichwani, walikuwa wanaunguruma, wanasaga meno, wanaombana sukari. Mimi pia. Nilikuwa mzuri, sitasema uongo.

Mlango ukafunguliwa. Mchungaji.

Alitazama kikundi chake chote cha maombi. Uso ukambadilika, mkono ukapanda juu, akapiga ukelele ambao sijausikia madhabahuni:

"Toka!"

Na Toka, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaanguka. Goti, nyonga, bega, kichwa.

Kicheko kikaanzia pale chini alipolala. Tulicheka mpaka Mama Shemasi akaomba ashikiliwe. Mchungaji peke yake alibaki na mkono juu.

"Mimi sikuwa naigiza," akasema.

Baada ya hapo tukarudi kwenye viti, bado tunajifuta machozi. Toka akapiga magoti, dairekta akanyamazisha ukumbi. Nikazungusha jicho: akina mama wote wamefumba, tena wamefumba kwelikweli, kope zimetulia. Nikafurahi. Nikamgeukia mjukuu wangu ili sasa niuone ule uso.

"Kata! Bibi!"

Nikashtuka. "Mimi?"

"Wewe tu, Bibi. Jicho lako limejaa kioo kizima." Akaigonga kamera. "Na betri imebaki ya mara moja. Ikishindikana, tunamwachia mwimbishaji."

Toka akanigeukia. "Bibi, fumba macho."

"Nimekuja kukuangalia, sasa nikifumba nitaona nini?"

"Bibi. Tafadhali."

Neno hilo hajawahi kuniambia, hata akitaka nyama. Swali langu nilikuwa nimelibeba muda mrefu, na jibu lilikuwa pale, karibu nalishika. Nikafumba. Yote mawili.

Giza la watu wanaoomba ni kitu kigeni, sikulijua. Sauti yake ilikuja chini, haikutoka kwenye kile kibanio cha tumbo. Aliuombea ule mto uamke, ule, ucheze nje na wenzake, na mtu asiuogope. Hilo la mwisho sidhani lilikuwa kwenye karatasi. Mama Shemasi akasema amina kabla ya zamu yake, na wengine wakafuata, na dairekta akasahau kusema kata.

Njiani nikamuuliza. "Ulikuwa unaomba au unaigiza?"

"Na wewe ulifumba au uliigiza?"

"Nilifumba!"

"Haya basi," akasema, akanishika mkono tukavuka barabara.

Filamu ikawa yake. Siku ya kuionyesha, kanisa lilijaa, na kwenye benchi letu watu walibanana. Muuza nyanya alikaa nyuma yetu na kitambaa cha machozi tayari. Ikafika sini ya maombi, uso wa Toka ukajaa ukuta mzima. Nikasogea mbele. Sasa nitajua.

Katikati ya maombi, jicho la mjane likafunguka. Moja tu, kidogo tu, likaenda pembeni, likarudi, likafumba. Ndipo chozi likashuka.

"Ona mama anavyomchungulia mwanawe," muuza nyanya akanong'ona, akalia, akamwekea Toka mkono begani akausahau hapohapo.

Mimi nikakumbuka tulivyokaa siku ile. Mto ulikuwa kushoto. Jicho lilikwenda kulia, kwangu.

Filamu ikaisha, mchungaji akasimama, akasema tufumbe macho tuombe. Nikafumba moja, lile lingine nikalituma kwa jirani yangu. Safari hii hakuwa amejifunika viganja, na jicho lake lilikuwa limeshafika kwangu, linanisubiri.

"Fumba macho, Bibi," akaninong'oneza.

"Anza wewe."