Kengele Isiyo na Mkono

Siku ya tatu tangu muziki ule uingie nyumbani, Mzee Kengele aliurushia kandambili. Kandambili ilipita juu ya spika, ikagonga kalenda ukutani, ikatumbukia kwenye beseni la mchele uliokwisha kuchaguliwa. Spika haikujali. Iliendelea kulia mpaka ilipomaliza dakika zake mbili, kama ilivyoamriwa na binti wa mzee aliyekuwa mji mwingine kabisa, safari ya saa saba kwa basi.

Na alikuwa na haki ya kukasirika, tusimwonee. Mtu huyu alikuwa mpiga kengele wa shule kwa miaka thelathini na minne. Walimu wakuu tisa walikuja wakaondoka, yeye yupo, na rimu lake la lori lililoning'inizwa kwa mnyororo nje ya ofisi, na kipande chake cha nondo. Kupiga mfululizo, watoto wanaingia. Mbili-mbili, mapumziko. Tatu-tatu, kila mtu kwao. Hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Leo amestaafu, na sasa yeye ndiye anayepigiwa: saa moja amkeni, saa nne dawa, saa saba kuleni, saa kumi dawa tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Muziki wenyewe ulikuwa spika tatu nyeupe, moja sebuleni, moja chumbani, moja jikoni, zote zikizungumza na simu ya binti kwa njia ya intaneti. Binti ni mfamasia, mtu wa kuhesabu vidonge. Alikuja Jumamosi, akazifunga mwenyewe, akawawekea wazazi nyimbo za ujana wao na taarifa ya habari, kisha akaketi na simu yake kupanga alamu.

"Baba, tujaribu mwezi mmoja," alisema akiwa anaaga. "Mama asikose dawa tena. Akikosa, nitakuja kumchukua nikakae naye."

Alilisema kwa upole, na upole ndio uliomchoma mzee. Angefoka, wangefokeana yakaisha. Lakini binti alikuwa na hoja. Mwezi uliopita mzee alisahau dawa za mkewe siku mbili mfululizo, mama wa watu akaanguka mlangoni mwa bafu, akalazwa siku nne. Mpiga kengele aliyeendesha saa za watoto mia sita alishindwa kukumbuka vidonge viwili. Aibu hiyo hakumwambia mtu. Aliimeza, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi alikubali spika. Tatizo likaja kwenye mlio.

Ndani ya simu ile kulikuwa na milio ya kila namna, ya ndege, ya maji, ya kinanda. Binti akaiacha yote akachagua kengele ya shule. "Nimewawekea kengele, mtajisikia kama zamani," alicheka. Mtoto alitaka kuwafurahisha wazazi wake, hapo hana kosa. Ila alisahau jambo moja, na baba yake naye akalisahau: mama yake alikuwa mpishi wa shule ileile. Watoto walimwita Mama Uji, na jina likamganda mpaka leo, ingawa mengine mengi yalikuwa yameshamtoka. Tangu miaka miwili iliyopita akili yake ilikuwa inapungua kidogo kidogo. Kuna asubuhi alimtazama mumewe usoni akamwuliza, "Mwalimu, umeshapata uji?"

Sasa ichukue akili kama hiyo uipigie kengele ya mfululizo. Kengele ya mfululizo maana yake watoto wanaingia darasani, na mpishi ambaye sufuria yake haijakaa motoni amechelewa. Siku ya kwanza Mama Uji aliposikia, aliinuka kitandani, akajifunga aproni, akaenda jikoni akawasha gesi na kubandika sufuria kubwa kuliko zote, tupu. Mzee aliikuta imeshaanza kuwa nyeusi. Alicheka. Siku ya pili alimkuta amemimina unga wote wa nyumba ndani ya ndoo na anakoroga kwa mwiko, jasho linamtiririka, analalamika kwamba kuni ni mbichi. Mzee hakucheka. Siku ya tatu ndiyo ya kandambili. Baada ya kandambili alizichomoa spika zote tatu ukutani.

Haikupita nusu saa, simu ikaita.

"Baba, spika zimezimika. Naona hapa."

"Unaona wapi?"

"Kwenye simu yangu. Zote tatu. Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Nimezichomoa mimi. Zinapiga kelele."

"Baba, si ndiyo kazi yake? Mama amemeza ya saa nne?"

Hakuwa amemeza. Mzee alitazama kisahani cha vidonge juu ya meza, vimelala pale vinamtazama. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto, na hasira ya mtu aliyeshikwa na kosa ndiyo mbaya kuliko zote.

"Mimi nimempa mama yako dawa kabla hujaijua hiyo fani yako!" alifoka.

"Baba."

"Baba nini? Umeniletea nyapara ndani ya nyumba yangu! Kengele inalia, hakuna mtu anayeipiga! Uliona wapi kengele isiyo na mkono?"

"Nakuomba uzirudishe. La sivyo nitajua siwezi kuwaacha peke yenu."

Hapo ndipo angemwambia kila kitu: sufuria, unga, mwiko. Maneno yalifika kwenye ulimi. Lakini alijua yakitoka tu, binti atapanda basi la kwanza, na jioni yake kitanda kitakuwa na mtu mmoja. Akameza maneno, akammezesha mkewe dawa, akazirudisha spika ukutani moja baada ya nyingine huku akizitukana kimoyomoyo. Usiku huo alificha funguo za jikoni chini ya godoro, akajiona mjanja. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua.

Kesho yake, saa nne kasoro, alikuwa bafuni. Jikoni kumefungwa. Vidonge viko tayari kwenye kisahani. Geti tu ndilo aliloliacha wazi baada ya muuza maziwa kuondoka, na hilo hakulikumbuka mpaka kengele ilipolia nyumba nzima naye ana sabuni kichwani. Alisikia kitasa cha jikoni kikitikiswa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha kimya.

"Mama watoto!" aliita. "Nakuja, kaa hapohapo!"

Alipotoka na taulo kiunoni, povu masikioni, sebule ilikuwa tupu. Spika bado zinalia. Mama Uji alikuta jiko la nyumbani limefungwa, kwa hiyo alifanya ambacho mpishi yeyote mwenye kujali kazi angefanya. Alikwenda kwenye jiko la shule.

Shule iko ng'ambo ya barabara kuu. Barabara ya malori ya mchanga, yanayoshuka mlima kwa kasi na breki za kubahatisha. Mzee alifika getini akamwona mkewe yuko mbali, aproni imefungwa vizuri, anatembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini. Goti la mzee halijakimbia tangu astaafu. Alikimbia hivyohivyo, anachechemea, mkono mmoja umeshika taulo.

"Mama watoto! Rudi! Bibie!"

Hakugeuka. Mpishi aliyechelewa hageuki kwa sababu kuna mzee mmoja anapiga kelele barabarani. Aliita jina lake la kwao, lile la usichana, ambalo hakuna mtu mwingine aliyebaki analijua. Hakugeuka. Lori lilisikika juu mlimani, likiteremka.

Pembeni ya barabara kuna kibanda cha fundi pancha. Fundi alikuwa amechuchumaa anapuliza tairi, na nyuma yake, juu ya gogo, kuna rimu tupu la lori. Mzee hakuomba wala hakusalimia. Alinyakua spana ya magurudumu miguuni pa fundi na kulipiga rimu lile kwa nguvu zote za hasira yake: hasira ya spika, ya simu, ya vidonge, ya akili ya mkewe inayoondoka bila kuaga.

Tatu. Akatulia kidogo. Tatu. Akatulia. Tatu.

Tatu-tatu, kila mtu kwao.

Mama Uji alisimama ukingoni mwa lami. Lori likapita mbele yake, likamfunika vumbi. Vumbi lilipotulia alikuwa bado amesimama palepale, anafungua kamba za aproni. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwapani, akageuka kurudi nyumbani polepole, mtu aliyemaliza kazi.

"Leo wametoka mapema," alimwambia fundi pancha alipofika. Kisha akamtazama mzee wa taulo kuanzia povu hadi miguu. "Na wewe Mwalimu, huna hata aibu."

Fundi alitaka kucheka, lakini alipoona mzee bado ameikamata spana, akaichukua taratibu, akavua koti lake la kazi lenye grisi na kumfunika mabegani, ingawa kulikuwa na jua kali.

Mzee alimpigia binti yake kabla hajavaa. Hakusubiri salamu.

"Njoo! Njoo umchukue kama unaweza! Kengele yako imemtoa mama yako mpaka barabarani! Siku ya kwanza amebandika sufuria tupu, ya pili amemaliza unga wote, leo lori limempita hapa, hapa puani! Na wewe uko huko unatazama kwenye simu kama spika zinawaka!"

Sauti ya binti ilishuka.

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ungemchukua."

Alisikia binti analia, na hilo likamkasirisha zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anataka kulia na sasa zamu yake imechukuliwa.

"Ukamzuiaje?" binti aliuliza mwishowe. "Alirudije?"

Mzee akamweleza. Rimu, spana, tatu-tatu. Binti akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kengele ya mapumziko nayo unaikumbuka?"

"Swali gani hilo!" mzee alifoka. "Nimesahau dawa, sijasahau kazi."

"Mapumziko mama alikuwa anafanya nini?"

Mzee alianza kujibu kwa ukali, akajikuta anasimulia. Wakati wa mapumziko watoto walikuwa wameshagawiwa uji. Mama Uji alikuwa anaketi. Ni wakati pekee wa siku nzima aliokuwa anaketi, kwenye benchi nyuma ya jiko, na kikombe mkononi, akimsubiri mtu fulani amalize kupiga kengele aje akae naye.

Alamu zote zikafutwa siku hiyohiyo. Jumamosi binti akaja. Mama wakamwachia jirani, wakaenda wote wawili kwa fundi pancha, baba na nondo, binti na simu. Mzee alikuwa bado amefura. Alimkaripia kwa jinsi alivyoshika simu, kwamba yuko karibu mno, kwamba yuko mbali mno, kwamba upepo unaingia. Kisha akapiga mbili-mbili kwa nguvu iliyowafanya kuku wa jirani watawanyike. Binti alirekodi mara moja tu. Hakuthubutu kuomba ya pili.

Jumatatu, saa nne kamili, sauti ile ikatoka kwenye spika zote tatu. Mbili, mbili. Mbili, mbili.

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na begi la safari miguuni. Hakuwa amesema kama ni lake peke yake au la mama yake pia, na mzee hakuwa amemwuliza. Mzee alisimama katikati ya sebule, macho kwa mkewe, ameikunja mikono yake kifuani.

Mama Uji aliinua kichwa. Hakuelekea jikoni. Hakutafuta aproni. Alivuta kiti, akaketi, akanyoosha mkono wa kupokea kikombe. Binti akamwekea kikombe, na vidonge viwili kwenye kisahani. Akavimeza bila ubishi, akashushia chai, akapumua.

"Mwalimu," alimwambia mumewe, "umemsikia mpiga kengele wetu leo?"

"Nimemsikia."

"Ana hasira. Akikasirika, pigo la pili huwa linashinda la kwanza. Namjua mkono wake." Akasogea pembeni, akapangusa kiti cha kando yake kwa kiganja. "Usikae hapa, ni pake. Anakuja sasa hivi, akishakunywa chai atapoa."

Binti aliinua begi lake, akaliweka begani. Lilikuwa jepesi, la nguo za mtu mmoja.

Mzee Kengele akaenda nje. Akasimama nyuma ya mlango kwa muda ambao mtu angetumia kutoka ofisini hadi jikoni. Kisha akaingia tena, akaketi pake.